Kanuni ya Kumi na Tatu

"Kesi imekwisha, Afande," Sylvester alisema, akaisukuma barua mezani kwa kidole kimoja. "Wameondoa malalamiko wenyewe. Wewe tia sahihi hapa chini, tunywe chai."

Ghati Mogesi hakutia sahihi. Alikuwa amelitumikia jeshi la polisi miaka ishirini na miwili, na alijua kwamba mtu anayekuharakisha utie sahihi huwa ana sababu yake. Ligi ya Maduara, iliyopewa jina la mashimo ya dhahabu na kuzikutanisha timu kumi na mbili za machimbo na vijiji vya Tarime na Serengeti, ilikuwa na kanuni inayotaka malalamiko dhidi ya mmiliki wa timu yachunguzwe na mtu wa nje. Ndipo wakamchagua yeye, sajini mstaafu, mama wa makamo, wakidhani atakunywa soda zao na kunyamaza.

Alivuta kiti, akaisoma barua. Ilikuwa karatasi moja ya mistari, kalamu ya bluu, herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho.

SISI WACHEZAJI TISA WA MWAMBA FC TUNAONDOA MALALAMIKO YETU DHIDI YA MMILIKI WETU NDUGU RUBENI HECHE, KWA MUJIBU WA KANUNI YA 13. TULIDANGANYA.

Chini yake majina yalikuwa yamepangwa kwa namba, la kwanza Tonny Oduol, la kumi Samweli Akech, na kila jina lilikuwa na sahihi yake.

"Imefikaje hapa?"

"Imeletwa jana na mtu wa Mzee Heche." Sylvester, katibu wa ligi, alirekebisha tai yake. Alivaa tai kila siku, hata siku za vumbi, ili watu wa mtaani Nyamisangura wajue kwamba yeye ni msomi. "Kamati inakaa leo saa kumi. Itasomwa, itapitishwa, basi."

"Na wachezaji?"

"Kanuni inajulikana. Aliyelalamika kisha akaondoa malalamiko amekiri uongo. Misimu miwili nje."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Ghati aliikunja barua, akaitia mfukoni, akatoka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na kutoka Tarime mjini mpaka Kemambo kwa Honda yake kuukuu ni mwendo wa saa moja na nusu ikiwa mvua haijaharibu njia.

Kabla ya kuwasha, alifungua kijitabu cha kanuni kilichochapwa Musoma. Kanuni ya 13 ilihusu ukubwa wa nyavu za goli. Ya kuondoa malalamiko ilikuwa ya 12. Alicheka kidogo. Vijana wa watu, alijisemea, hata kanuni hawaijui. Akapiga teke pikipiki.

Tonny Oduol alikuwa kambini Kemambo, nyuma ya bweni la mabati, anashona glovu zake kwa uzi wa kamba ya kiroba. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mikono mipana. Alisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hii sahihi ni yako?"

Aliitazama. "Ni yangu."

"Na haya maneno ya juu?"

Aliyasoma. "Haya siyajui. Mama, haya mimi siyajui kabisa."

"Sahihi yako, maneno huyajui. Unataka nikuamini vipi?"

"Jumatatu naenda Mwanza. Kuna timu imeniita majaribio, na wamesema nije na leseni ya ligi mkononi. Sasa mtu na akili zake ataandika barua ya kujifungia miaka miwili?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Ghati aliliandika. "Mmesaini karatasi gani wiki hii?"

"Ya jezi. Jumanne. Owiti, karani wa mzee, alikuja nayo imekunjwa, imepigwa pini. Majina yetu na nafasi ya kusaini tu ndiyo yalionekana."

"Timu ina wachezaji ishirini na wawili. Karatasi ya jezi ina Wajaluo tisa peke yao. Hamkuuliza?"

Tonny alitazama glovu. "Hatukuuliza. Siku hizi kila kitu chetu kina orodha yake."

Ghati alilijua faili kwa moyo, lakini alimtaka aseme tena. Mtu mwongo hubadilisha maneno. Tonny hakubadilisha. Katika mechi dhidi ya Nyambureti, walipofungwa bao la kwanza, Heche alimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti, akapaza: "Toeni huyo omorisya golini! Lango la wanaume halilindwi na mtoto!" Omorisya ni neno la Kikurya la kijana ambaye hajatahiriwa, asiye na kiti mbele ya wanaume. Kumwita hivyo Mjaluo mtu mzima, ambaye mila za kwao hazina jambo hilo, ni kumwambia kwamba hata akizeeka hatakuwa mtu. Watu mia sita walikuwepo. Ghati alikuwa amehoji kumi na wanne kati yao, wote waajiriwa wa Heche, na ajabu ni kwamba wote kumi na wanne walikuwa wamekwenda haja dakika ile ile.

"Na jioni?"

"Jioni akaagiza tule baada ya wenzetu. Sahani zetu zikapakwa rangi nyekundu ili zisichanganyike. Na kuoga, tuoge chini ya mwalo, pale maji yanapotokea baada ya kuosha mchanga wa dhahabu. Eti sisi tukioga juu, dhahabu inakimbia."

"Maji ya zebaki?"

Tonny alikunja mkono wa shati. Ngozi kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono ilikuwa imebabuka.

Hasira ilimpanda Ghati mpaka masikio yakapata moto. Alikuwa Mkurya, mtoto wa Mkurya, na alijua vizuri mila zao zinasema nini na hazisemi nini. Hakuna mzee wa kwao aliyewahi kumfundisha kumwogesha mtoto wa mwenzake katika sumu. Huo ulikuwa ukatili wa Rubeni Heche mwenyewe, kauvalisha tu nguo za mababu.

"Owiti yuko wapi?"

"Ofisini kwa mzee." Tonny alitema mate pembeni. "Mjaluo mwenzetu, Mama. Huyo ndiye ametuuza."

Ofisi ya Heche ilikuwa chumba cha matofali ya udongo hatua mia kutoka kwenye maduara, na kelele za makarasha yakisaga mawe ziliingia humo bila kupiga hodi. Owiti alikuwa mwembamba, wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, na alipoiona barua alinyanyua mikono yote miwili.

"Mimi sijaandika hiyo, madam. Haki ya Mungu. Ilikuja tu kwa bahasha. Mzee akaniambia, peleka kwa hao ndugu zako wasaini ya jezi."

"Ukapeleka."

"Nikapeleka. Si nimeajiriwa?"

"Karani ambaye hasomi anachopeleka."

"Ilikuwa imepigwa pini, madam. Ningefungua, leo ningekuwa kwetu Migori nachunga."

Ghati hakumwamini. Alimpa karatasi tupu na kalamu. "Kaa. Andika majina haya tisa, herufi kubwa, na namba zake, nikikutajia."

Owiti alikuwa kwenye jina la nne mlango ulipofunguka. Rubeni Heche aliingia na buti zake za tope, kofia kichwani, akajaza chumba.

"Binti Mogesi! Baba yako alikuwa mtu wa maana. Wewe unazunguka na Wajaluo kunitafutia nini?"

"Naitafuta kalamu iliyoandika barua hii."

"Si yangu. Mimi naandika jina langu tu, na hilo wamenifundisha benki." Alicheka, akamwelekezea Owiti kidole. "Hapa anayeandika ni huyu. Wajaluo waliandikiana, Wajaluo wameondoa. Ya kwao hayo. Nenda nyumbani, mwanangu, ukapumzishe miguu."

"Ulimwita mtu omorisya kwenye kipaza sauti?"

"Ulisikia wewe?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi tafuta aliyesikia." Akatoka, akiuacha mlango wazi.

Owiti alimaliza kuandika. Ghati aliziweka karatasi mbili sambamba mezani ili alinganishe herufi. A ya Owiti ilikuwa na tumbo, ya kwenye barua haikuwa nalo, lakini mtu anaweza kuipinda A akitaka. Alishuka jina kwa jina. Alipofika chini, kitu kilimkwama. Jina la Samweli Akech kwa Owiti lilikuwa na namba tisa. Kwenye barua lilikuwa na namba kumi.

Alihesabu majina ya kwenye barua kwa ncha ya kidole. Tisa. Akahesabu namba. Nne, tano, sita, nane.

Akarudia. Sita, nane.

Saba haikuwepo.

Alibaki na kidole juu ya karatasi, na Owiti akadhani yeye ndiye amepatikana na hatia. Lakini Ghati alikuwa anajionea haya. Barua ile ameisoma mara nne tangu asubuhi, na mara zote nne jicho lake limeruka pale pale bila kujikwaa. Bibi yake aliyemlea alihesabu ng'ombe hivyo: watano, sita, nane. Saba ni namba ya mkosi kwa Wakurya. Mwaka unaoangukia hapo jando halifanyiki, na wako wazee wasioitamka hata wakihesabu watoto wao. Alifungua daftari lake mwenyewe kwenye orodha ya mashahidi. Watu kumi na wanne, na wa mwisho alikuwa na namba kumi na tano.

"Owiti, wewe ukihesabu, saba unaiandika?"

"Sasa, madam, baada ya sita kunakuja nini?"

"Jibu."

"Naiandika. Mzee tumegombana naye juu ya hiyo. Anasema namharibia orodha ya zamu, namharibia duara. Lakini mimi nimesoma hivyo."

"Kuna Mkurya mwingine anayemwandikia?"

"Hakuna. Wote wako shimoni. Kalamu ni mimi."

Ghati alitoa tena kijitabu cha kanuni. Safari hii hakucheka. Alianza kuhesabu kanuni kuanzia ya kwanza, kwa sauti, kama bibi yake: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane. Alipofika kwenye kanuni ya kuondoa malalamiko, mdomo wake ulikuwa unasema kumi na tatu.

Kwa hiyo aliyeandika barua hakukosea. Alikuwa na kanuni nyingine mbele yake, zile zile kwa maneno, ila zimehesabiwa na Mkurya kabla mchapaji wa Musoma hajazirekebisha. Na nakala ya namna hiyo haikuwa Kemambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Vaa koti," alimwambia Owiti. "Unakwenda na mimi Tarime."

"Nikienda, madam, kazi imekwisha."

"Usipokwenda, utabaki kuwa ndiye uliyewauza. Chagua."

Owiti alitazama makarasha kupitia mlangoni. Kisha akavaa koti.

Saa tisa na nusu Sylvester alikuwa anapanga viti vya kamati. Alimwona Owiti nyuma ya Ghati, akasimama na kiti mkononi.

"Nipe rasimu ya kanuni," Ghati alisema. "Ile uliyoandika kwa mkono kabla ya kupelekwa Musoma."

"Ya nini? Si unacho kijitabu?"

"Katibu, nimeomba rasimu."

"Sina hakika kama bado iko..."

Ghati alikwenda kwenye kabati mwenyewe. Faili lilikuwa la tatu kutoka juu, kwa kuwa Sylvester alikuwa mtu nadhifu. Alilifungua mezani. Kanuni ya 6, mipira. Kanuni ya 8, waamuzi. Akafunua ukurasa. Kanuni ya 13, kuondoa malalamiko. Kwa saa ile unadhifu wa Sylvester ulikuwa adui yake mkubwa.

"Mchapaji alidhani umekosea," Ghati alisema, "akakurudishia saba yako. Timu zote zina kijitabu cha mchapaji. Wewe ndiye unayefanya kazi na hii. Barua ya wachezaji inataja Kanuni ya 13, na majina yake yameruka saba. Wajaluo tisa, Sylvester. Toka lini Mjaluo anaogopa saba?"

"Wakurya tuko wengi."

"Tuko wengi. Hata mimi nimo, daftari langu hili hapa limeruka. Lakini rasimu iko moja, na kabati ni lako."

Sylvester aliketi kwenye kiti alichokuwa amekishika. Alilegeza tai. "Mimi hata mila sifuati," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mkono tu umezoea."

"Kwa nini?"

"Uwanja wa Kemambo ni wake. Mipira ni yake. Gari la waamuzi ni lake. Tukimfukuza Heche, ligi imekufa. Nilikuwa naiokoa ligi, Afande."

"Kwa kuwazika vijana tisa."

"Watarudi baada ya misimu miwili."

Ghati alimtazama, na kama asingekuwa mtu mzima angempiga kofi. Kijana amebabuka mikono kwa zebaki, ametukanwa mbele ya kaumu, kisha anaandikiwa barua ya kukiri kwamba yeye ndiye mwongo, na aliyemwandikia ni mlinzi wa kanuni zilizowekwa kumlinda. Heche alimtukana kwa mdomo. Huyu mwenye tai alimtukana kwa kalamu, na alikuwa tayari kugonga na muhuri.

Saa kumi kamili Mwalimu Kisyeri, mwenyekiti, aliingia na wajumbe wake wawili. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mvi tupu, na nusu ya Tarime ilikuwa imepita mikononi mwake. Heche alifika na kujitawanya kwenye kiti cha mbele. Tonny na wenzake wanane walikuja juu ya lori la mchanga, wakasimama ukutani.

Ghati alieleza kwa dakika ishirini. Aliweka barua, akaweka rasimu, akaweka kijitabu. Owiti alisimama akasema bahasha ilitoka mkononi mwa mzee, na aliposema hivyo hakumtazama mzee. Sylvester hakukataa neno.

Mwalimu Kisyeri alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Barua haifai," alisema. "Hilo limekwisha. Sasa mimi naona hivi. Sisi ni majirani. Tukipelekana mbali, tutaumizana. Sylvester ataacha ukatibu. Mzee Heche atapewa onyo la maandishi. Na huyu kijana, nasikia ana safari ya Mwanza, namsainia leseni yake hapa hapa, sasa hivi. Tumalize kindugu."

Heche aliitikia kwa kichwa, kwa ukarimu. "Mimi sina kinyongo."

"Mwalimu," Ghati alisimama, "kanuni ya kumnyang'anya timu mmiliki anayedhalilisha wachezaji mnayo mbele yenu, na haina neno kindugu ndani yake."

"Sajini, umemaliza kazi yako. Tonny, unasemaje? Leseni hii hapa."

Kitabu cha leseni kilikuwa wazi, kalamu juu yake. Ghati aliketi. Hakuwa na haki ya kumchagulia. Mwanza ilikuwa Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa.

Tonny alisogea mpaka mezani. Aliitazama leseni. Kisha akatazama ukutani walipo wenzake.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi nakwenda Mwanza. Hawa wanane wanarudi kambini kwa nani?"

Mjumbe mmoja alijifanya anapekua kijitabu.

"Pale chini ya mwalo panaoga watu nane kesho asubuhi. Onyo la maandishi litawaogesha wapi?" Alikifunga kitabu cha leseni, akakisukuma taratibu kwa mwenyekiti. "Kama ni hiyo, sitaki. Nabaki na hao."

Mwalimu Kisyeri alikaa na kitabu kile mbele yake. Alipogeuka kwa Heche, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Rubeni. Ulimwita kijana huyu omorisya?"

"Mwalimu, tumeshaelewana..."

"Nimekuuliza."

"Nilimwita! Na kesho nitamwita tena. Ni uongo? Nani humu ndani hajui kwamba ni kweli?" Alitazama huku na huku, akiwatafuta Wakurya wenzake wacheke pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wajumbe aliinamisha kichwa.

"Sajini, andika wewe, katibu hatuna," Mwalimu Kisyeri alisema. "Rubeni Heche ananyang'anywa umiliki wa Mwamba FC kuanzia leo. Haruhusiwi kukanyaga uwanja wowote wenye mechi ya ligi hii, maisha. Kambi inahamishwa kesho kabla ya jua kuchomoza. Anayekubali?"

Alinyanyua yeye mkono wa kwanza. Wajumbe walifuata, mmoja haraka, mwingine polepole.

Heche alisimama, kiti kikaanguka. "Uwanja wa Kemambo ni shamba langu! Mtachezea wapi?"

"Barabarani," Mwalimu alisema. "Nenda."

Akaenda, na lori la mchanga likasikika likiondoka huko nje, kwa kuwa nalo lilikuwa lake. Vijana wangerudi kwa miguu. Hakuna aliyelalamika.

Mwalimu Kisyeri alifungua tena kitabu cha leseni. Alivaa miwani, akashika kalamu, lakini hakuandika. Alimwashiria Tonny asogee.

"Jina lako, mwanangu. Nitajie herufi moja moja. Ulimi wetu sisi Wakurya, hiyo l unaifanya r, na leo sitaki kulikosea."

Tonny alitaja. Mwalimu aliandika polepole, akisimama kwenye kila herufi, na alipofika ya mwisho, ile l, aliinua kichwa akauliza tena kama ndiyo.